Mdoezi wa Bweni la Tatu

Siku fundi alipomtia kijana yule machoni kwa mara ya kwanza, alikuwa juu ya ngazi akifunga balbu kwenye korido ya ghorofa ya pili. Ilikuwa siku ya kufungua chuo. Korido ilijaa magodoro, ndoo na wazazi waliokuwa wakihema kama vile wao ndio waliofaulu mitihani. Katika chumba kimoja, mlango ukiwa wazi, mama aliyemleta mwanawe alikuwa ameketi kitandani akifungua hotipoti.

Kijana akatokea na begi dogo begani, shati limenyooshwa vizuri kwa pasi. Akasimama mlangoni, akavuta pumzi kwa pua.

"Poleni na safari, mama."

"Ahsante, mwanangu. Wewe ndiye utakayekaa na mwenzako humu?"

"Mama, sisi hapa wote ni ndugu," akajibu, naye keshavua viatu.

Akanawa. Akaomba dua ndefu kuliko ya mwenye chakula. Kisha akatoa kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, akala mpaka mtoto wa yule mama akabaki kukwangua pembeni. Aliposhiba alikifuta kijiko kwa leso, akakirudisha mfukoni, akauliza kwa adabu chumba chake kiko wapi. Kilikuwa ghorofa nyingine kabisa.

Kabla ya jioni bweni zima lilikuwa likimwita Kijiko, na yeye aliitika kwa furaha, kama wengine wanavyoitika wakiitwa Daktari.

Fundi alikuwa mtu wa mdomo mzito. Alisoma shule ya msingi tu, na katikati ya vijana wale wenye maneno kama mvua, yeye alizungumza kwa bisibisi. Mtu akimkera, alikaza skrubu. Dharau yake kwa Kijiko aliiweka moyoni, nayo ikakaa humo ikanenepa.

Maana alikuwa na mengi ya kuona. Kupika vyumbani kulikatazwa, kwa hiyo kila chumba kilipika, kwenye majiko ya umeme yaliyofichwa chini ya vitanda. Umeme ukikatika, fundi aliitwa, na mara nyingi alimkuta Kijiko kashatangulia, kakaa kitandani kwa watu na kitabu kwapani.

"Jamani, lile swali la tatu mlilielewa?" ndivyo alivyobisha hodi. Kabla mtu hajajibu, sahani iko magotini.

Ukimuuliza anasomea nini, alikupa jibu refu lisilo na kichwa wala mguu. Lakini nani anapika nini, na siku gani, hilo hakuhitaji kulisoma. Hakuwahi kuosha sufuria hata moja. Masufuria yakianza kukusanywa, ndipo alipokumbuka ana kipindi. Alilipa kwa umbea: nani kaachwa na mchumba, mwalimu gani anaumwa, chumba gani wamegombana kwa sababu ya sabuni. Wenyewe walimcheka, wakamsengenya, na kesho yake wakamsogezea kiti. Fundi aliwashangaa hao kuliko hata Kijiko mwenyewe. Watu wazima, wanasomea mambo makubwa makubwa, hawawezi kumwambia mtu mmoja asiye na haya kwamba chakula kimekwisha.

Halafu zamu ya fundi mwenyewe ikafika.

Fundi alilala nyuma ya bweni, kwenye chumba kilichokuwa stoo, ukuta mmoja na pampu ya maji. Alipewa kwa mdomo tu na mlezi wa bweni aliyekuwepo zamani, kwa sababu pampu lazima iwashwe alfajiri, na nyumbani kwa fundi kulikuwa mbali. Basi la kwanza kutoka kwao lilifika wakati wanafunzi wana povu machoni. Bila chumba kile, kazi ile asingeiweza, na kazi nyingine hakuwa nayo.

Jioni moja ikasikika hodi. Kijiko huyo, macho mekundu.

"Nimefeli, mzee wangu. Masomo matatu. Sijui nitamwambia nini mama yangu."

Akalia. Kwa kweli alilia, machozi yakamfika kidevuni. Fundi hakujua kumbembeleza mtu, akamsogezea sahani. Kijana akala akilia, kisha akala bila kulia.

"Mzee, huna chumvi kidogo?"

Tangu siku hiyo fundi akawa mmoja wa wale aliokuwa akiwashangaa. Kijiko alikuja, akala, akajilaza kwenye kitanda cha fundi, viatu vikining'inia ukingoni, akaangaza macho huku na huku.

"Na wewe huwa unarudi kwako lini, mzee?"

"Jumamosi kwa Jumamosi. Ningekuwa silali hapa, kazi ingeshanishinda zamani."

"Chumba kina hewa lakini. Ukipanga meza huku na huku, mtu anasoma raha mustarehe."

Fundi aliyachukulia kuwa maneno ya tumbo lililoshiba.

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa bweni. Mpinzani wa Kijiko alikuwa kijana makini, mwenye mipango mizuri, ila hakuwahi kukalia kitanda cha mtu. Kijiko alishakalia vitanda vyote.

"Huyu jamaa ni mtu wa watu, fundi," mwanafunzi mmoja alimwambia fundi alipokuwa akimtengenezea kitasa. "Anajua shida za kila chumba."

Anajua mboga za kila chumba, fundi akajibu, lakini moyoni, na skrubu mdomoni.

Kijiko akashinda kwa kishindo. Wale wale aliowamalizia masufuria wakambeba juu juu mpaka uwanjani, wakiimba. Ahadi yake kubwa ilikuwa chumba cha kujisomea.

Mlezi mpya wa bweni, mama mmoja aliyependa mambo yaende haraka, akaitisha kikao kwenye ukumbi wa televisheni. Fundi aliitwa, akakaa karibu na mlango.

"Fundi, nimeambiwa ile stoo unalala. Ni kweli?"

Fundi akasimama, kofia mkononi. "Ndiyo, mama. Ni kwamba... ile pampu..."

"Pampu ndiyo mke mdogo!" mtu akapaza sauti nyuma, ukumbi ukaangua kicheko.

"Sema kwa sauti, mzee, hatukusikii!"

Fundi akamtazama Kijiko. Sentensi moja tu ilitosha, kwamba mtu huyu bila chumba hana kazi, na Kijiko alishaambiwa hayo mdomo ukiwa umejaa chakula cha fundi.

Kijiko akainuka, ndani ya koti la kuazima.

"Mama Mlezi, naomba nimsaidie mzee wetu. Yeye si mtu wa maneno."

Moyo wa fundi ukatulia kidogo.

"Mzee wetu ana nyumba yake, ana mke, ana watoto. Sisi vijana wasomi inatuuma kuona mtu mzima analazwa ubavuni mwa pampu kama mlinzi wa ghala. Tumwache akapumzike kwake, jamani! Chumba chenyewe nakifahamu vizuri. Meza sita zinaingia, na dirisha linaleta hewa."

Wakapiga makofi. Mama Mlezi mwenyewe akaguswa.

"Kweli una nyumba, fundi?"

"Ninayo, mama."

Angesema nini, na nyumba anayo? Akakaa.

Yakawa kama alivyojua. Aliondoka kwake usiku wa giza, akatembea mpaka barabara kuu, na bado maji yakachelewa. Wanafunzi wakapiga kelele wamepaka sabuni. Mwenyekiti akafikisha malalamiko yao kwa Mama Mlezi, kwa masikitiko makubwa, alisema, maana mzee yule ni kama baba yake. Mwezi haukwisha, kazi ya fundi pamoja na pampu ikapewa kijana mmoja aliyekaa jirani na geti.

Fundi alirudi mara moja tu, kuchukua sanduku lake la vifaa. Njia nzima alikuwa akipanga sentensi moja: Wewe ni mtu wa bure. Aliirudia mpaka ikakaa sawa ulimini. Akafika, akagonga mlango wa ile stoo.

Meza ilikuwa moja, siyo sita. Nyuma yake palikuwa na kiti cha kuzunguka, na juu ya kiti Kijiko, amenenepa shingo. Mlangoni palibandikwa maandishi: OFISI YA MWENYEKITI.

"Mzee wangu!" Akaruka, akamkumbatia fundi kwa nguvu, kifua kwa kifua, akampigapiga mgongoni. Sanduku akamtolea mwenyewe kwa mikono miwili, akalifuta vumbi kwa kiganja. Sentensi ya fundi ikafika kooni, ikapinda, ikarudi ilikotoka. Alichoweza ni kusema ahsante, akajichukia papo hapo, akageuka.

Kijiko akamsindikiza hatua mbili nje ya mlango.

"Usipotee hivyo, mzee wangu. Hapa ni kwako kabisa. Ila siku nyingine unitaarifu kabla hujaja, maana siku hizi mimi ni mtu wa vikao."