Muhuri na Vyeti vya Uhai

Sisi wa ubalozini tulimpa jina Muhuri, maana bila yeye karatasi haisogei. Watu wakisikia afisa wa ubalozi wanawaza karamu na suti. Thubutu! Huyu ni afisa mdogo, miaka minne yuko nyuma ya kioo cha dirisha la pili, akithibitisha kwamba wastaafu wetu wanaoishi huku ugenini bado wako hai, ili pensheni zao zisikatwe nyumbani. Kanuni ni moja: lazima amwone mtu kwa macho yake. Sauti ya simu haihesabiki.

Naye alikuwa na mama nyumbani ambaye macho yalikuwa yanamwisha. Likizo aliomba mara tatu, na mara tatu bosi akamjibu, "Subiri msimu wa vyeti upite."

"Kaka dereva," aliniambia garini, "nataka mama anione kabla hajapofuka. Basi." Nilitamani kumvaa yule bosi, lakini nani atanisikiliza mimi?

Siku ya mwisho ya vyeti, mama mmoja alikuja dirishani na simu, baba yake akiongea upande wa pili. Mzee hajiwezi, yuko kitandani. Muhuri akakataa kata kata. Kisha, saa yake ya chakula, akaniambia niwashe gari twende tukamwone.

Ghorofa ya nne, lifti mbovu. Mzee akamkodolea macho. "Haya, nipo? Au nikohoe kidogo?"

Tukacheka. Muhuri akagonga muhuri wake juu ya stuli, na mzee akamshika mkono. "Na wa kwenu je, mwanangu, nani anakwenda kuwaona?"

Akakusanya karatasi, akaaga. Ama kweli mganga hajigangi. Kwenye ngazi alilia, mimi nikajifanya natafuta funguo.

Jioni bosi akasaini likizo. Muhuri akaja mbio hadi kwenye gari, akampigia mama yake hapo hapo, sauti ikasikika gari zima.

"Mama, nakuja! Jumamosi! Kesho naenda kusuka, unione nimependeza!"

"Karibu, mwanangu. Ila kusuka usijisumbue. Tangu mwezi uliopita sioni kitu. Sikukuambia, kazi ungefanyaje?"

"Mama jamani!"

"Usilie, bwana. Wewe njoo tu. Nitakupapasa uso, nitajua kama ni wewe."