Hodi Kwenye Mlima wa Rangi

Siku ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu, ni ile niliyompoteza mke wangu mchana kweupe huko Korea, kwenye kijiji cha mlimani ambacho kila nyumba imepakwa rangi yake. Siku ya harusi nilikuwa na njaa na viatu vilinibana, sikumbuki mengi. Hii ya Korea naikumbuka yote, na nikianza kuisimulia siwezi kukaa kwenye kiti.

Wewe unayeanza maisha hapa Brussels na mwenzako, tulia nikwambie. Mimi sikusoma. Niliishia darasa la nne kule Lushoto; mwalimu alichoka na mimi nikachoka. Lakini majumba mengi ya mtaa wa Laeken unayoyaona yana kuta safi, kuta hizo nimezipaka kwa mkono huu, na nyumba ninayoishi mtaa wa Anderlecht sikupewa na mjomba wa mtu. Sisemi hivi kujisifu. Haya, najisifu kidogo. Sifa yenyewe nimeitolea jasho.

Safari ilianzia kwenye televisheni. Mke wangu, Mama Zuhura, alikuwa anapenda tamthilia za Kikorea, zile zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo dada yake alikuwa anamtumia kutoka Tanga. Unamwona mfalme wa Korea na kilemba chake anafoka kwa sauti ya kijana wa Dar es Salaam. Basi yeye hucheka peke yake sebuleni. Alikuwa anasafisha ofisi pale Porte de Namur, katikati ya mji, anatoka nyumbani kabla hakujapambazuka. Akirudi, mimi niko kazini. Nikirudi mimi, yeye amelala. Kwa kweli Wakorea ndio waliokuwa wanamwongelesha.

Jumapili moja akaniwekea picha mezani, binti yetu Zuhura alikuwa amemtolea kwenye kompyuta. Mlima, na nyumba zimeukwea mpaka juu: za buluu, za waridi, za njano.

"Baba Zuhura, nataka twende hapa."

"Mlimani? Mimi nimezaliwa mlimani, na sikulipa nauli."

"Wa kwenu hauna rangi."

"Una kijani."

Hakucheka. Akaniambia taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyapanga maneno yake: "Twende, mimi na wewe tu. Tukimaliza kutembea huko nitakwambia kama narudi na wewe Brussels au nakwenda zangu Tanga kwa dada. Hapa naishi na koti lako lililotundikwa ukutani. Mwenye koti simwoni."

Mwanangu, mimi ni mwepesi wa kujibu, wanaonijua wanajua. Siku ile niliishika ile picha kwa mikono miwili. Nikasema tu, "Zuhura atutafutie ndege."

Usiniulize habari za njiani, nililala. Nikuambie tulipofika Busan, mji wa bandari, na kibasi kikatupandisha mlimani pamoja na bibi vizee na mifuko yao ya mboga. Tukashuka. Lo! Ile picha ilikuwa inasema uongo kwa kupunguza. Bonde zima limejaa nyumba ndogondogo, rangi imegusana na rangi, ngazi zinapenya katikati nyembamba kama mikanda, na chini kabisa bahari inang'aa. Zuhura alikuwa ametusomea kwamba kijiji kile kilijengwa na maskini waliokimbia vita, kwa mbao na mabati, na kwamba nyumba ya mbele haimzibii wa nyuma. Ni kweli kabisa. Zimejipanga kama watu wa picha ya harusi, wafupi mbele, warefu nyuma, kila mmoja uso wake unaonekana.

Mke wangu alipiga kigelegele. Pale pale kituoni! Bibi mmoja wa Kikorea akaruka na mfuko wake, kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Kumbe ukutani kulikuwa na kibao chenye picha ya mtu ameweka kidole mdomoni. Maana yake, humu wanaishi watu, msipige kelele. Tukaomba radhi kwa kuinamainama.

Tukaanza kupanda. Yeye mbele, amevaa kitenge cha njano na buluu, anaruka ngazi kama hajawahi kuumwa mgongo. Mimi nyuma. Niseme ukweli, nilikuwa nimepagawa na kuta. Fundi rangi umlete mahali kama pale halafu umwambie atembee moja kwa moja? Upepo wa chumvi unapiga kutwa, na rangi imeshika! Nikawa nagusa, nanusa, nakwaruza kidogo kwa ukucha.

"Baba Zuhura, njoo uone huku juu!"

"Nakuja."

Nilipoinua kichwa, hayupo.

Nikapanda ngazi, hakuna. Nikashuka nyingine, nikatokea pale pale nilipoanzia. Ungekuwa mji wa kijivu ningemwona kutoka mbali, lakini pale kila ukuta ulikuwa njano au buluu, kitenge chake kimemezwa. Simu yangu ya Brussels ilikuwa imegoma tangu tunatua. Nikamsimamisha bibi mmoja, nikamwonyesha kwa mikono: mwanamke, mfupi hivi, mnene hivi. Akanitazama, akaniletea maji ya kunywa.

Hapo ndipo maneno yake ya Jumapili yalipoanza kunipigia kelele kichwani. Tukimaliza kutembea nitakwambia. Je, kama amekwisha kumaliza kutembea? Kama ameshashuka kituoni, na jibu lake ndilo hilo? Nikaisahau ile picha ya kidole mdomoni.

"Mama Zuhura! Mama Zuhura weee!"

Madirisha mawili yakafunguliwa. Mzee mmoja akanikemea kwa Kikorea, na nilimwelewa neno kwa neno. Mke wangu kimya.

Nikapanda kichochoro cha mwisho ambacho sikuwa nimekipita. Juu yake kulikuwa na mlango wa waridi, uko wazi, ndani nasikia chungu kinatokota. Nikafikiri, nitauliza humu. Sasa mimi nimelelewa, mwanangu. Mlango hata uwe wazi kama uwanja wa mpira, siingizi mguu kwa mtu hivi hivi. Mdomo ukafanya kazi yake wenyewe, bila kukumbuka nchi niliyopo.

"Hodi!"

Kimya. Nikabisha tena.

"Hodi!"

Kimya. Unajua desturi yetu: ya tatu isipojibiwa unaondoka, hata kama unasikia watu wanakohoa ndani. Nikaivuta pumzi, nikaitoa ile ya tatu polepole.

"Hodi..."

"Karibu!"

Ilitokea juu ya kichwa changu. Nikatazama: kwenye kibaraza cha juu ya paa, mke wangu huyo, amekalia ndoo iliyopinduliwa, pembeni yake mwenye nyumba, bibi wa Kikorea mwenye nywele nyeupe aliyemkaribisha kwa ishara, wote wawili wanamenya viazi vitamu vya kuchemsha. Nilipanda zile ngazi za chuma kwa magoti na mikono. Bibi yule akanipiga kofi la bega, akaweka kidole mdomoni, kisha akanipa kiazi.

"Nimekuita hukunisikia?"

"Nimekusikia. Nimekuona pia, unavyozunguka kama kuku."

"Sasa ulinyamazia nini?"

"Mama Zuhura unamwita ukipoteza soksi. Nikajua ni soksi."

"Na hodi?"

Akauangalia mlango wa waridi pale chini. "Hodi imenitoa jibu kabla sijafikiri. Mara ya mwisho kuisikia kwako ulikuwa umesimama kwa baba, umekuja kuposa."

Ningeweza kudanganya. Nikamwambia, "Nilikuwa nambishia mwenye nyumba, si wewe."

"Najua. Pale Anderlecht kwako wewe hubishi. Unazungusha ufunguo kama mwizi, unavua viatu kwenye ngazi, unapita."

"Naogopa kukuamsha."

"Niamshe."

Akasema hivyo tu, na macho yamejaa maji, na kiazi mkononi. Miaka yote ile, mwanangu! Mimi nilidhani namhurumia kwa kunyata. Yeye kitandani alikuwa macho, anasikiliza mtu anavyoingia nyumbani kama asiyemtaka aliyemo ndani.

Nikamuuliza pale pale, sipendi kungoja: "Unarudi Brussels au unakwenda Tanga?"

"Kula kiazi kwanza, kinapoa."

Nikakila na maganda yake. Bibi wa Kikorea akacheka mpaka akajifunika uso. Mke wangu naye akaanza kucheka, kile kicheko cha sebuleni ambacho nilidhani ni cha Wakorea peke yao, akasema, "Narudi. Lakini ukifika mlangoni ubishe."

Tulishuka mlima ule tumeshikana mikono hadharani, watu wazima sisi, na sikuona ukuta hata mmoja.

Siku ya kwanza ya kazi niliporudi jioni Anderlecht, ufunguo mfukoni, nikasimama mlangoni nikaita hodi kwa nguvu. Jirani yetu, mama mmoja wa Lubumbashi anayechanganya Kiswahili na Kifaransa, akatoa kichwa.

"Papa, ulipoteza clé?"

"Ninayo, maman."

"Alors unabisha kwa nani? Si ni kwako?"

"Ndiyo. Na mwenyewe yumo ndani."

Akanitazama kama nimerogwa. Ndani nikasikia kandambili zinakuja mbio.

Basi hilo ndilo nililotaka kukupa. Mji huu utakupa kazi, na kazi itakupangia saa za kuingia na za kutoka, wewe huku na mwenzako kule. Mtajisifu kwamba hamgombani, kumbe hamwonani. Usimnyatie mwenzako ukaiita huruma. Mwamshe. Mwambie umefika, hata kama umechoka, hata kama una harufu ya rangi na huna la kusema zaidi ya hilo. Na wewe uliye ndani, itika kwa sauti, usimwache mtu asimame mlangoni akijiuliza. Tena mkipata nafasi ya kwenda mbali, nendeni wawili, magoti yakiwa bado yanapanda ngazi.

Mungu akupe mlango ulioufanyia kazi mwenyewe, akupe na mtu nyuma yake anayeijua sauti yako. Akujalie ukifika uwe unatakiwa. Na kila utakapobisha, mwanangu, usifikishwe ya tatu.