Nchi Aliyopelekwa Mama

Baada ya kukimbia Uvira, tuliishi pamoja kambini miaka mingi, mimi, mama na dada yangu mdogo, lakini nilipooa faili zetu za ukimbizi zikatenganishwa. Wao walipelekwa Finlandi. Mimi na mke wangu tukaletwa Fort Worth. Watu wa kanisani wakiniuliza mama yuko wapi, nilijibu "kule juu, kwenye baridi," maana sikujua zaidi ya hapo.

Mwaka 2018 niliazima maktabani kitabu chembamba kilichoeleza nchi ile, ardhi yake, watu wake na mambo waliyopitia. Kilikuwa cha Kiingereza. Mke wangu, ambaye Kiingereza chake kilinyooka kwa kuhudumia wazee, alikuwa ananisomea Jumapili. Siku za kazi, wakati wa mapumziko, nilitoka ghalani nilikofanya kazi, nikakaa ndani ya gari nikampigia mama. Huko kwao ilikuwa imeshakuwa jioni.

"Wanasema ni nchi ya maziwa maelfu," nilimwambia siku ya kwanza.

"Maziwa ya kunywa?"

"Hapana, mama. Kama ziwa letu la Uvira."

"Basi ya huku yameganda," alisema. "Watu wanapita juu na magari."

Nilimwambia kwamba Waswidi waliwatawala watu wa nchi ile karne nyingi, wakaja Warusi, na kwamba vita vilipofika watu wa mashariki waliacha nyumba zao wakahamia upande mwingine, wengine wakiswaga ng'ombe.

"Kwa hiyo na hawa walikimbia?"

"Walikimbia."

"Kuna bibi jirani ananiletea mkate, anakaa, hasemi kitu. Nilidhani ananihurumia tu."

Majira ya baridi yaliyofuata, dada alinipigia nikiwa kazini. Mama alikuwa ametoka asubuhi bila koti, akisema anateremka ziwani kuchota maji. Bibi jirani ndiye aliyemwona kwenye theluji. Daktari alisema ni akili inayozeeka, na haina dawa. Baadaye wakampeleka kwenye nyumba ya wazee ambako hakuna aliyejua Kiswahili, na Kifini chake kidogo kikapotea kabla ya mambo mengine yote.

"Anaita watu na hawaelewi anataka nini," dada aliniambia. "Wananipigia mimi, na mimi niko kazini. Kaka, utakuja lini?"

Niliomba hati ya kusafiria. Barua ikaja ikitaka picha nyingine, nikapeleka. Ikaja nyingine ikisema nisubiri. Huku nikisubiri, niliendelea kumpigia mama na kumsimulia yaliyomo kitabuni. Siku moja nilimweleza jinsi jua la kiangazi huko linavyokataa kuzama, naye akaniuliza kwa adabu, kama anavyoulizwa mgeni:

"Na wewe, baba, umetokea wapi?"

"Mimi ni mwanao, mama."

"Ndiyo," alisema. "Wote mnasema hivyo."

Nilirudi ghalani nikapakia mizigo hadi zamu ikaisha.

Hati ilifika mapema mwaka 2020. Kabla sijakata tiketi, ugonjwa ulisambaa na safari zikasimamishwa. Mama alifariki wakati huo. Dada alishika simu ya video makaburini ili nione. Nikaona misonobari, watu wanne waliosimama kwa kuachana nafasi, na mchungaji ambaye midomo yake ilikuwa inacheza lakini upepo ulikuwa unakula sauti yote. Dada alijaribu kunitafsiria. Kisha akaanza kulia, simu ikaelekea chini, nikawa natazama viatu vyake.

Kwetu mtu akifiwa nyumba hujaa. Alasiri hiyo ndugu wa kanisani walikuja, lakini hawakuruhusiwa kuingia. Waliegesha magari barabarani mbele ya nyumba, wakateremsha vioo, wakaimba. Mimi na mke wangu tulisimama mlangoni. Mama mmoja mzee alinipungia mkono kutoka kiti cha nyuma, nami nikampungia. Tulikaa hivyo hadi wakaanza kuondoka, gari moja moja.