Sauti Zote za Kaka

Kaka yangu wanamwita Watu Kumi. Kazi yake ni kutia sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za Kikorea, na anaifanya peke yake: binti ni yeye, mchumba ni yeye, mama mkwe mwenye gubu ni yeye, hata kichanga kinacholilia maziwa ni yeye. Anajifungia kwenye kichumba alichogongomea magodoro ukutani, anazima sauti za wenyewe, anaangalia midomo, anaanza kusema. Ukimsikia bila kumwona utaapa kuna kikao cha ukoo humo ndani.

Sasa daktari kamkuta na saratani kooni. Kasema bila kupindapinda: chombo cha sauti kitolewe chote, Jumatatu asubuhi, na kitanda kimeshatengwa. Akipona atapumua kwa tundu shingoni, na kuongea kama zamani basi tena. Asipokwenda, ugonjwa utasambaa, hapo hata daktari atainua mikono. Kaka akatia ngumu. "Nikae hai bila sauti, niwe nani?" Tumembembeleza, tumemsuta, mimi nimemtukana kabisa na wala sioni aibu kusema. Wapi!

Jumapili, vyombo vya mchana havijaoshwa, akatoa sharti. Anataka kuitazama tena tamthilia ya kwanza aliyowahi kuitia sauti, ile ya binti fundi miavuli na kijana wa reli, zile sehemu za mwisho.

"Nikishajisikia mpaka mwisho, ndiyo nitawajibu," alisema, na hata hayo maneno machache yalimtoka kwa kukwaruza.

Nilipandwa na hasira. Jamani, mgonjwa unamwekea tamthilia ambamo mtu anakufa? Tena binti mwenyewe anakufa kwa kuficha maradhi na kukataa tiba, anajifanya shujaa, mpuuzi yule! Lakini wifi yangu, mkewe, hakubisha. Aliweka tamthilia, akakaa chini karibu na miguu ya mumewe, rimoti mapajani.

Tukatazama. Sauti ya kaka ya wakati ule ikajaa sebuleni, nzito kwa kijana, laini kwa binti, na mimi nikawa namtazama yeye badala ya runinga. Alikuwa amefumba macho. Binti akikohoa, kaka naye anakohoa, na wifi anakaza vidole kwenye rimoti bila kugeuka. Halafu kaka akaanza kutabasamu, na lile tabasamu likanitisha kuliko kikohozi. Nilijua ameshaamua. Alikuwa anajiaga.

Ikafika pale kwenye benchi la stesheni. Theluji inaanguka, kama kawaida yao, binti kalaza kichwa begani kwa kijana, anafungua mdomo aseme maneno ya mwisho. Wifi akazima sauti.

"We, rudisha!" kaka akafoka.

Hakurudisha. Aliikazia macho midomo ya binti, akaanza yeye kumsemea, akichelewa kidogo nyuma ya midomo.

"Mpenzi, mimi hapa nakufa kwa ujinga wangu. Nilidhani unapenda nnavyoongea tu. Kumbe hata ningekuwa bubu ungenichukua."

Kijana naye akafungua mdomo. Wifi akajikakamua kutoa sauti ya kiume, ikamkatikia katikati, nikacheka huku machozi yananitoka.

"Nani kakwambia nilitaka maneno? Miaka yote umenisemesha mpaka masikio yamechoka. Mimi nilitaka mtu wa kugombana naye humu ndani."

"Utagombanaje na mtu asiyejibu?" kaka akauliza. Hakuwa anamuuliza kijana wa reli. Alikuwa amefumbua macho, anamwangalia mkewe kisogoni.

"Utaninunia," wifi alisema, bado kaikodolea runinga. "Utanirushia mto. Utabamiza mlango. Tutajua wenyewe. Ila ukinifia, nitamnunia nani mimi?"

Binti akafumba macho. Kijana akaanza kulia, kinywa wazi, mabega yanamtikisika, na hapo wifi akashindwa kuendelea. Hakuna aliyemsemea. Kijana alilia hivyo hivyo bila sauti, na sisi watatu tunamwelewa kila kitu.

Kaka akainama, akaichukua rimoti mikononi mwa mkewe. Nilidhani anarudisha sauti, ajisikie mpaka mwisho kama alivyotaka, kisha atupe lile jibu lake. Akairudisha picha nyuma mpaka kijana anapofungua mdomo, akaisimamisha hapo. Sauti hakuigusa.

"Kijana hasemi hivyo, mama watoto," alisema kwa lile koo lake bovu. "Anasemea kifuani. Njoo nikuonyeshe, maana kesho sitaweza."