Hatua za Dalali wa Ploti

Tangu lami ifike Kasikeu, dalali wa ploti hapimi ardhi kwa kamba, anapima kwa miguu. Akimuuzia mtu wa Nairobi, hatua zake ni za kuku aliyefungwa mguu. Akinunua kwa wenyeji, anatanuka kama anayeruka mtaro, suruali ikilia. Jana alikwenda kununua kwa Nduku, mjane asiye na kingine ila shamba lake.

"Si tulikubaliana hatua kumi kila upande, mwaitu, mama yangu?" akauliza mbele ya wazee wa kanisa, malipo yakiwa yameshatolewa.

"Tulikubaliana, mwanangu. Lakini hatukusema za nani."

Nduku akavua viatu, akapima mwenyewe, kisigino kikigusa kidole, wazee wakihesabu kwa sauti. Zilipotimia, ploti ilitosha kibanda cha mayai ya kuchemsha, na muuzaji asimame nje.