Nilibadilisha kioo cha maski ya mume wangu

Admin, nifichie jina, maana marafiki wa mume wangu wamejaa humu.

Mimi ni mama wa miaka 29, nina mtoto wa miezi mitano, Neema. Mume wangu ni fundi wa kuchomelea mageti huku mtaa wa Gerezani. Maski yake ya kuchomelea hurudi nayo nyumbani, maana karakana vitu vinaibwa.

Miezi miwili iliyopita alienda msibani siku tatu. Mimi na kiherehere changu cha usafi nikaiosha ile maski. Kile kioo cheusi cha machoni kikachomoka, kikapasuka sakafuni. Mume wangu hasira zake ziko karibu, nikaogopa. Nikaipeleka kwa fundi wa vioo vya magari, akanikatia kipande chenye tinti, kikaingia sawasawa. Kwangu cheusi ni cheusi, nikaona yamekwisha.

Siku ya kwanza alirudi anacheka. "Mama Neema, kumbe maski ilikuwa chafu tu! Leo kazi naiona vizuri." Nikacheka naye.

Wiki haikuisha, macho yakawa mekundu, anasema yana mchanga. Mafundi wenzake wakamwambia dawa ni maziwa ya mama anayenyonyesha. Basi kila jioni analaza kichwa mapajani kwangu, namkamulia machoni. "Bila wewe mke wangu, ningeshakuwa kipofu," ananiambia. Jamani, inauma kushukuriwa hivyo.

Sasa anaamini karogwa. Anamshuku Hamisi, rafiki yake wa kazini, kisa Hamisi alimwambia, "Kaka, hebu nipe hiyo maski nikague kioo." Mume wangu akasema huyo ndiye mchawi wake, anatafuta njia. Hawasalimiani tena.

Nimeshanunua kioo chenyewe cha kuzuia mwanga wa kuchomelea Kariakoo, nikitaka kukirudisha kimyakimya. Nimechelewa. Mganga ameizindika maski, ameifunga kitambaa chekundu, na amesema mwanamke akiigusa tu dawa inaharibika. Mume wangu anailalia chini ya mto. Hospitali hataki kusikia. "Nikimjua aliyenifanyia hivi," anasema, "hata awe wa damu yangu, tutaonana kaburini."

Najua mtasema nifungue mdomo. Mama yangu alishafariki, kwetu hakuna tena kwa kurudi, na mtoto ndiyo huyu bado mchanga. Naogopa, na kila asubuhi akitoka najichukia.

Leo kabla hajaondoka alisimama mbele yangu. Neema nimempakata, yuko macho kabisa, anamchekea baba yake na kumrushia mikono. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Bado kalala?"

Nikamjibu, "Ndiyo."

Akachukua maski akaenda, leo wana geti kubwa la kumalizia. Kioo kipya ninacho hapa mkononi. Nishaurini jamani, jioni akija kulaza kichwa mapajani kwangu, nifanye nini?