Tuta Tulilowazibia Ningu

Nilizaliwa kando ya ziwa, nikaolewa na Mkurya, basi kijijini wakawa wananiita mama samaki. Sikujali. Walipotuhamishia kijiji cha ujamaa karibu na Mto Mara, bwana shamba alituagiza tuzibe mdomo wa bonde kwa tuta la udongo, maji ya masika yasiingie kwenye mahindi ya kijiji. Tulibeba udongo kwa karai siku nyingi. Na mimi nilibeba.

Masika ya kwanza samaki waitwao ningu walipanda kutoka ziwani kama kawaida yao, wakitafuta majani yaliyofunikwa na maji wakatage. Wakakuta tuta. Walijazana pale chini, tukawazoa kwa vikapu, matumbo yamejaa mayai. Hata walionicheka walikula. Mwaka wa pili walikuja wachache. Wa tatu hakuna.

Nikasimama mkutanoni nikasema tukate tuta, upana wa mlango tu. Mwenyekiti, mtu wa ukoo wa mume wangu, akauliza kama nataka kuhujumu shamba la kijiji.

"Shemeji, mahindi yakioza tutakula maneno yako?"

"Yakioza, chukueni shamba langu la ulezi."

Mume wangu aliinamisha kichwa. Ulezi ule ndio uliotulisha.

Kwa sharti hilo wakakubali, na tuta tukalikata sisi wanawake sita. Mvua zikaanza, nami nikakosa raha. Naacha ugali jikoni naenda mtoni, narudi, naenda tena. Maji yaliingia bondeni, mistari ya chini ya mahindi ikazama. Siku ya nne, samaki hakuna. Nyumbani hakuna aliyenisemesha. Siku ya sita asubuhi nikaona majani yanatikisika majini na upepo hakuna. Ningu, migongo nje, wanapita penye pengo wakisukumana.

Haukupita muda watu wakafika na vikapu, mwenyekiti mbele. Nikasimama katikati ya pengo, maji mapajani, jembe mkononi.

"Shemeji, hata mmoja, wa mgonjwa?"

"Hata mmoja. Wakishataga, wakirudi, mtakula."

 Mwenyekiti akageuza kikapu chake, akakikalia, akawaambia wengine nao wakae.

Mahindi ya chini yalioza kweli, na shamba langu likachukuliwa kama nilivyosema mwenyewe. Tulilima kilimani kwenye mawe, wanangu wakanywa uji mwepesi mwaka mzima. Lakini pengo halikuzibwa, na kila masika mwenyekiti ndiye aliyefukuza wenye vikapu.